Fahamu: Mtaala mpya wa sekondari Uganda unambadilishia nini mwanafunzi?

Mwanafunzi wa Buwenge, mji mdogo kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, hasomi tena kama walivyosoma kaka na dada zake. Februari 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari, kidato cha 1 hadi cha 4.

Masomo: Kukariri pekee hakutoshi. Kazi za mradi na tathmini za darasani huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Mtihani wa taifa, asilimia 80. Kundi la kwanza lilifanya mtihani huo mwaka 2024.

Kazi: Ujasiriamali ni somo la lazima kidato cha 1 na cha 2. Lengo ni kijana atoke shuleni na cheti pamoja na ujuzi wa kujipatia riziki.

Uraia: Historia sasa hufundishwa pamoja na elimu ya siasa, kwa lazima, miaka yote minne. Kiswahili nacho ni lazima miaka miwili ya mwanzo.

Kikwazo: Mradi unadai vifaa na mwalimu mwenye nafasi ya kumfuatilia kila mtoto. Darasa likifurika, mtaala unakuwa mpya, ufundishaji unabaki uleule.