Kuvuka Ziwa kwa Ajili ya Mayatima



Ndugu zetu Waislamu mnaotusikiliza misikitini na majumbani, na nyinyi wanafunzi wa madrasa na vyuo: hapa Sengerema vijana wetu hutuuliza mara kwa mara juu ya jambo moja. Wanataka kufunga safari wavuke Ziwa hadi Bukoba na Muleba, na wengine wapite Mutukula waingie Uganda hata Rakai na Masaka, wakawahudumie watoto mayatima kwa majuma kadhaa bila ya ujira, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wanauliza wajiandae vipi. Swali ni zuri, ila wengi wanaliuliza kuanzia mwisho: wanauliza habari za nauli, mizigo na pasi, kabla ya kuuliza yule yatima atabakiwa na nini wao wakisha kurudi makwao.

Katika Sura ya Al-Kahf mna kisa cha wasafiri wawili, Nabii Musa (A.S.) na mja yule mwenye elimu ambaye wanazuoni wamemtaja kwa jina la Khidhr. Walifika katika mji mmoja wakaomba chakula, wakanyimwa. Juu ya hayo, walipoukuta ukuta unataka kuanguka, yule mwenziwe Musa aliusimamisha, wala hakutaka malipo. Baadaye akaeleza sababu: ukuta ulikuwa wa watoto wawili mayatima, chini yake imo hazina yao, nao watakapokomaa wataitoa wenyewe. Tazameni namna ya kazi ile. Msafiri alifanya lile ambalo watoto wasingaliliweza, akalimaliza. Hazina hakuifukua ili awagawie mbele za watu. Wala hatusomi kwamba aliwaita watoto wale waje wamshukuru. Alikwenda zake, ukuta ukabaki umesimama.

Khidma ya wasafiri wa siku hizi mara nyingi huwa kinyume cha hayo. Kikundi hufika kwenye makao ya watoto, kikacheza nao, kikagawa pipi na nguo, kikapiga picha nyingi. Mtoto mdogo hupata mtu wa kumbeba kila jioni. Baada ya majuma mawili kikundi huondoka, na mwezi ujao huja kingine. Mtoto aliyekwisha kufiwa na mzazi huachwa tena, kisha tena, na kila anayemzoea humpungia mkono na kwenda zake. Walezi wanaijua vyema dalili yake: mtoto humkimbilia na kumkumbatia kila mgeni, lakini hakuna hata mmoja anayemtegemea kwa moyo. Haya ni madhara, na nia njema ya msafiri haiyaondoi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandaa ni kazi yenyewe. Seremala na akaezue paa linalovuja, aliezeke upya. Fundi mwashi na ajenge tangi la maji ya mvua. Muuguzi na mwalimu wakae na walezi wawaongezee ujuzi, maana walezi ndio watakaobaki. Ulizeni kabla ya kwenda, nanyi mjibiwe na wenyeji, ni ukuta gani unaotaka kuanguka. Ama kijana asiye na ufundi wowote, ambaye haja yake ni kwenda kuona, twamwambia bila ya kumficha kwamba nauli yake yafaa kuliko yeye, na aipeleke.

Na aipeleke kwa nani? Hapa yatupasa kukumbuka historia. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka Rakai nayo ilipata msiba huo huo katika miaka hiyo. Watoto wengi walipoteza wazazi wote wawili. Waliowalea kwa wingi hawakuwa wenye majumba ya mayatima. Walikuwa mabibi na mababu, shangazi na wajomba, katika migomba ile ile ya marehemu. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wazazi wengi walisalimika, na watoto wa msiba ule leo ni watu wazima wenye watoto wao. Lakini desturi ya kudhani kwamba yatima hukaa katika jengo lenye kibao mlangoni imebaki. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, mama yake alipokuwa na miaka sita. Akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Alilelewa na jamaa zake. Basi bibi mmoja wa Muleba mwenye wajukuu wanne, akisaidiwa karo na bati za nyumba, huenda akawa ukuta bora kuliko bweni jipya linalowatoa wajukuu wale kwake.

Wakikusudia kwenda kwenye makao ya watoto, na waulize kama yana leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataka makao yasajiliwe na yasimamiwe na ustawi wa jamii, na afisa wake yuko katika kila wilaya. Kwa Uganda pia iko ofisi ya wilaya ya namna hiyo. Mwenye makao akichukia kuulizwa, msiende. Wala mtu asiulize mtoto gani ana virusi, na akijua asiseme. Hiyo ni siri ya mtoto kwa dini na kwa sheria.

Tumeulizwa pia juu ya zaka. Mafungu manane yametajwa katika Sura ya At-Tawba, na yatima hakutajwa kwa uyatima wake. Hupewa akiwa fakiri au maskini. Na nauli ya anayejitolea haitoki katika zaka ya watu kwa jina la kuwasaidia mayatima. Huyo na asafiri kwa mali yake au kwa sadaka iliyotolewa kwa kusudi hilo, baada ya kulipa madeni yake, kuwaachia aila yake matumizi, na kupata radhi za wazazi. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai, alipokiri, akaagizwa jitihada yake aiweke kwao.

Wengi wa watoto hao si Waislamu. Wapeni chakula kama watoto. Sahani ya wali isigeuzwe kuwa bei ya shahada.

Lugha nayo ni maandalizi. Mashambani kule mtoto mdogo husema Kihaya au Kiganda, na bibi yake huenda Kiswahili kikampiga chenga. Mzee wetu mmoja Mzinza, ambaye lugha yake ni jirani ya Kihaya, akifuatana na kikundi atafaa kuliko vijana kumi wenye vipaza sauti.

Juu ya afya: chandarua, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayeingia Uganda. Msiwaogeshe watoto ziwani wala msiogelee kandoni, kwa sababu ya kichocho.

Na Ziwa lenyewe mwalijua. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025 likatuondolea kungoja kivuko. Lakini baada ya hapo anayepanda chombo hapana budi kuhesabu abiria kwa macho yake. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, MV Nyerere Septemba 20, 2018, na vyombo vyote viwili vilituachia mayatima. Chombo kikijaa, shukeni. Boya la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe.

La mwisho ni sala. Masafa ya Bukoba yanaruhusu kupunguza njiani. Lakini kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye nia ya kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, husali kamili tangu afikapo. Na aliyekata tiketi ya kuondoka Ijumaa baada ya alfajiri, naye hatapata msikiti wa kusali Ijumaa njiani, na aibadili iwe ya Alhamisi au Jumamosi, maadamu hawakosi wenziwe wa safari.