Orodha au Seti? Anza na Swali

Programu inajaribiwa kwa majina ishirini na inafanya kazi vizuri. Inapopewa majina laki moja, inakwama. Mara nyingi kompyuta haina kosa: data imewekwa kwenye orodha ilhali ilifaa kuwekwa kwenye seti.

Tuchukue lugha ya Python, yenye vyote viwili. Orodha hutunza vitu kwa mpangilio uliotumia kuviingiza, na hukubali kitu kujirudia. Ukitaka kitu cha tano, hukupa papo hapo, maana inajua nafasi yake. Lakini ukiuliza, "Je, namba hii ya simu imo?" inakagua tangu mwanzo, namba baada ya namba, mpaka iipate au ifike mwisho.

Seti ina utaratibu mwingine. Kila kitu kinachoingia hupigiwa hesabu iitwayo hashi, na jibu lake huelekeza mahali pa kukihifadhi. Ni kama masanduku ya posta: karani hapekui barua zote, namba ya sanduku humpeleka moja kwa moja. Ndiyo maana kutafuta kwenye seti ya vitu milioni, kwa kawaida, huchukua karibu muda uleule wa kutafuta kwenye seti ya vitu mia.

Piga hesabu. Una namba 100,000 zilizofungiwa na ujumbe 10,000 wa kuchuja. Ikiwa hakuna mtumaji ambaye namba yake imo, orodha italazimisha ulinganisho mara bilioni moja. Kwa seti, unaijenga mara moja, kisha unatafuta mara 10,000 tu. Lakini ijenge nje ya kitanzi kinachopitia ujumbe mmoja mmoja. Ukiijenga upya kwa kila ujumbe, umeirudisha kazi ileile uliyotaka kuikwepa.

Seti nayo ina gharama zake. Hula kumbukumbu zaidi, na haiahidi mpangilio wowote. Hufuta marudio: tia humo kura 500 za wagombea watatu, utabaki na majina matatu bila kumjua mshindi. Tena haipokei orodha ndani yake, kwa sababu orodha hubadilika, na hashi inayotokana na yaliyomo ingebadilika pia, kitu kisionekane tena pale kilipowekwa.

Basi, kabla ya kuchagua, jiulize data yako itaulizwa nini. Kama mpangilio au marudio yana maana, tumia orodha. Kama swali ni "imo au haimo?" na litarudiwa mara nyingi, tumia seti. Ukihitaji yote, tunza vyote viwili: orodha kwa mpangilio, seti kwa ukaguzi. Na hata pale vitu vinapokuwa vichache na tofauti ya kasi haionekani, chagua kwa makini, kwani atakayesoma msimbo wako akiona seti ataelewa mara moja kwamba marudio hayatakiwi.