"Mambo?": Ujumbe mfupi unaomlinda mgonjwa

Katika nyumba nyingi hapa Satellite, simu ya mtu husomwa na mwenzake. Ujumbe unaotaja dawa za kupunguza makali ya Ukimwi waweza kumfichua mgonjwa.

Watafiti wa mradi wa WelTel waliwauliza wagonjwa kwanza wanavyotumia simu. Kisha, kuanzia mwaka wa 2007, wakajaribu katika kliniki tatu nchini kumtumia mgonjwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Alijibu "Sawa" au "Shida". Mwenye shida, au aliyenyamaza saa 48, alipigiwa na mhudumu. Waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62. Miongoni mwa wasiotumiwa ujumbe, 50.

Anayeunda programu ya afya na aanzie nyumbani kwa mgonjwa. Nawe, ukipata shida na dawa, usinyamaze. Mwambie daktari wako.