Matembezi Yasiyo na Mshindi

Jua likitua, Bustani ya Forodhani hujaa watu. Mbele yake ni bahari. Nyuma yake ni Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Wengi hawana shughuli maalumu: hula mishikaki, huwatazama vijana wanaoruka majini kutoka ukutani, kisha huendelea kutembea taratibu. Hakuna mashindano wala pointi. Hata hivyo, kila mmoja hurudi nyumbani na habari: nani anaumwa, nani ameoa, nani amefiwa.

Ipo aina ya michezo ya video iliyojengwa juu ya raha hiyohiyo. Mchezaji hapigi risasi wala hafungi mabao. Hutembea ndani ya nyumba, msitu au kisiwa, akifungua milango na kusoma barua, hadi kisa kikamilike akilini mwake. Dear Esther, wa mwaka 2012, humpitisha katika kisiwa kisicho na watu huku akisikiliza sauti ya mfiwa. Katika Gone Home, wa mwaka 2013, binti anarejea kutoka safari na kuikuta nyumba tupu. Vyumba ndivyo vinavyomsimulia yaliyotokea.

Mfano unaoigusa zaidi taaluma ya tiba ni That Dragon, Cancer, uliotolewa Januari 2016 na Ryan na Amy Green wa Marekani. Mtoto wao, Joel, aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja, akafariki Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Katika sehemu moja ya mchezo, baba anakesha hospitalini na mwanawe aliyepungukiwa maji mwilini. Mchezaji hujaribu kumpa kinywaji, kumbeba na kumbembeleza, lakini kilio hakikomi. Katika michezo mingine kila tatizo lina kitufe chake. Hapa hakuna, na ndipo mchezaji anapohisi yale ambayo mzazi aliye wodini hushindwa kuyaeleza.

Mvuto wa michezo hii umo katika mwendo wake. Anayeharakisha hupitwa na kisa. Ndivyo ilivyo kwa daktari anayechukua historia ya mgonjwa: jambo muhimu aghalabu halimo katika jibu la swali la kwanza, bali katika neno linalosemwa kando, mgonjwa anapoona kuwa anasikilizwa. Mwaka 2001 Rita Charon, daktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliandika kuhusu uwezo huu kwa jina la tiba simulizi: kukipokea kisa cha mgonjwa, kukielewa na kuguswa nacho kiasi cha kutenda.

Tahadhari inahitajika. Uraibu wa michezo ya video umo katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili yake kuu ni mtu kushindwa kujizuia hata maisha yake yanapoharibika. Tena, matembezi ya kwenye skrini hayanyooshi miguu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kwa hilo ufukwe wa Forodhani unafaa kuliko simu.

Hata hivyo, mwanafunzi wa udaktari au uuguzi aliyeshindwa kumnyamazisha Joel ataingia wodini akijua kwamba kuna saa ambapo kukaa karibu na mgonjwa ndiyo huduma iliyobaki.