Masisi na Walikale: Anayesikiliza machungu ya wengine, nani anamsaidia kusema «leo basi»?

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, kila mtu anajua nyumba ya APS. Ndivyo watu wanavyomuita ajenti wa msaada wa kisaikolojia, yule anayepokea waliobakwa, waliofiwa na waliokimbia vita. Mara nyingi ni mama wa papo hapo, aliyesoma sekondari kisha akafundishwa kazi na shirika fulani. Nambari yake ya simu imezagaa kote. Watu wanabisha hodi kwake saa mbili ya usiku, wanamsimamisha sokoni, wanamngoja nje ya kanisa. Mchana, ndani ya chumba cha mazungumzo, anasaidia watu kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe linamshinda: kuweka mpaka kazini.

Neno lenyewe halipendezi masikioni mwetu. Mpaka, kwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, ni bariera na askari. Tuseme basi ni kujua pa kuishia: saa gani kazi inakwisha, kazi gani si yangu, mzigo gani siwezi kuubeba peke yangu.

Wanaohitaji jambo hilo ni wengi. Kuna muuguzi wa kituo cha afya ambaye hapati mshahara wa Serikali, anayeishi kwa malipo ya wagonjwa na primu ya shirika. Akikataa garde ya pili mfululizo, anaogopa kukosa chakula cha watoto. Kuna mwalimu mwenye darasa lililojaa watoto wa wakimbizi wa ndani, ambaye wazazi wanamletea hata ugomvi wa nyumbani. Na kuna mchimbaji wa Rubaya, mahali panapotoka karibu 15% ya koltani ya dunia, aliyekopa chakula na buti kwa PDG wa shimo. Huyo akisema amechoka, anakumbushwa deni.

Kumwambia mtu wa namna hiyo «jifunze kukataa» ni kumcheka. Mshauri mzuri anaanza mbali zaidi. Anamuomba asimulie wiki moja tu: nani alimuita, saa ngapi, kwa jambo gani, na nini kingetokea kama angengoja hadi asubuhi. Hapo ndipo hofu na hatari halisi zinaanza kutengana. Muuguzi anayeamini kwamba akilala mtu atakufa na damu itakuwa juu yake, anasaidiwa kulipima wazo hilo: ni kweli kila mara, au ni kweli usiku ule mmoja ambao hajausahau?

Njia hii ya kupima mawazo si ngeni kwetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine ulifuatilia wanawake wa mashariki mwa Kongo waliobakwa. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata tiba ya vikundi ya kuchunguza mawazo ya kujilaumu. Katika vijiji 8, wengine 248 walipata msaada wa kawaida, kila mmoja peke yake. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za wazi za huzuni kali au wasiwasi walikuwa 9% upande wa tiba ya vikundi, na 42% upande wa pili. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari, walikuwa wasaidizi wa jamii, kama APS tunaowajua.

Baada ya mawazo yanakuja maneno, na maneno yanafanyiwa mazoezi kwa sauti. Kwetu mkubwa hakatazwi uso kwa uso. Mtu anaweza kusema: «Papa shefu, kazi hii nitaimaliza kesho asubuhi, leo usiku watoto wako peke yao.» Ama anamtuma mzee wa kazi amsemee. Sheria nayo ipo: Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Si wengi wanaoithubutu kuitaja mbele ya bosi, lakini kujua kwamba hauombi zawadi kunabadilisha sauti.

Lakini kuna mahali ambapo mazoezi haya yanapaswa kusimama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba huko Rubaya, chini ya M23, wakaaji walilazimishwa salongo. Mbele ya bunduki hakuna mpaka wa kisaikolojia. Mshauri anayemtuma mtu kwenda kusema hapana pale anamtia hatarini; kazi yake ni kumsaidia abaki salama.

APS mwenyewe naye anaishi katika vita hivyo hivyo. Masisi-centre ilianguka mikononi mwa M23 Januari 4, 2025; Walikale-centre Machi 19, kabla ya waasi kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Wasaidizi nao walikimbia, nao walizika watu wao. Na mwezi huo huo wa Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Miradi ikafungwa, wateja wakaendelea kubisha hodi.

Mwongozo wa mashirika ya kibinadamu wa mwaka 2007 unasema wazi kwamba afya ya akili ya wafanyakazi ni jukumu la mwajiri. Ninaona hapo ndipo tunapojidanganya: shirika linatoa semina ya siku moja kuhusu kupumzika, kisha linamuacha APS mmoja kwa vijiji vyote vya eneo la afya. Zoezi la kupumua halijazi nafasi ya mfanyakazi wa pili.

Kuzima simu tu pia si jibu. Aliyebakwa anapaswa kupata dawa za kuzuia VVU kabla ya saa 72 kupita, na kutoka vijiji vya ndani ya Walikale safari peke yake inaweza kumeza siku nzima. Ndiyo maana nambari ya usiku inafaa iwe ya kituo cha afya, mikononi mwa muuguzi wa garde, na kijiji kizima kiijue. Mwenye jeraha apokelewe usiku ule ule. Mazungumzo na APS yanaweza kungoja asubuhi.