Sura ya Tano: Kisima na Ardhi Yake

Wengi wetu hupima maji ya kisima kwa macho na ulimi. Yakiwa maangavu, baridi na hayana chumvi, twasema ni maji mazuri. Lakini bakteria wa kinyesi hawana rangi wala harufu, na wanaweza kujaa katika glasi inayong'aa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na E. koli hata mmoja.

E. koli, bakteria aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, huishi katika utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Aina zake nyingi hazidhuru. Tunamtafuta kama shahidi: alipopita yeye, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu navyo vina njia.

Kumwona si kazi ngumu. Mpimaji huyapitisha maji kwenye karatasi ya kuchujia yenye vitundu vya mikromita 0.45, huilaza juu ya chakula cha bakteria ndani ya kisahani, kisha huitia kwenye kikasha chenye joto la nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24. Joto hilo huwashinda bakteria wengi wa udongoni. Kesho yake, kila kidoa cha njano ni uzao wa bakteria aliyekuwamo majini. Kuna karatasi zinazotoka bila doa. Kuna nyingine, hasa za visima vya wazi, ambazo vidoa vimeshikana hata havihesabiki.

Wameingiaje? Lawama huangukia choo cha shimo kwanza, na kanuni inayorudiwa ni kukiweka mita 30 kutoka kisimani. Penye mchanga laini kanuni hiyo ina maana: maji hupenya polepole, bakteria wakanaswa na kufa njiani. Lakini kusini na mashariki ya Unguja, au Diani kule Kwale, ardhi ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango. Humo maji machafu huenda kwa saa chache umbali ambao mchangani yangeukokota kwa wiki kadhaa. Kumwambia mtu wa huko kwamba mita 30 zinamtosha ni kumdanganya. Yeye anahitaji choo chenye shimo lililojengewa lisivuje, na maji yake yatibiwe kila siku.

Kwingineko, mara nyingi uchafu huingilia palepale mdomoni pa kisima. Tazama kamba: imelala kwenye tope lililokanyagwa na mbuzi na kuku, ndoo imetuliwa papo hapo, kisha vyote viwili vinashushwa majini. Yanayomwagika nayo hurudi ndani kupitia ufa wa sakafu. Dawa yake ni ya kifundi: mita tatu za juu zizibwe kwa pete za zege na saruji, ukingo uinuliwe, sakafu iteremke kuelekea mfereji, juu kuwe na mfuniko na pampu ya mkono. Fedha za pampu zikikosekana, ndoo moja ya kisima, inayotundikwa na isiyogusa ardhi kamwe, ni hatua kubwa.

Kazi hii naiweka mbele ya kumwaga klorini kisimani. Klorini huua waliomo leo. Kesho kamba ileile huleta wengine. Inafaa zaidi ndani ya ndoo ya nyumbani, ibaki miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na maji yenye tope yachujwe kwanza kwa sababu tope huila dawa.

Nyumbani nako kuna hatari. Inauma kuona mama amechemsha maji kwa kuni alizozitafuta mbali, kisha mikono ya watoto ikaingia mtungini pamoja na kikombe. Chombo chenye mdomo mwembamba au koki huzuia hilo.

Halafu kuna suala la siku ya kupima. Kisima kilichopimwa kiangazi tu huweza kupewa cheti kisichostahili, kwa kuwa mvua ndiyo inayoosha uwanja, vyoo na mazizi na kuvipeleka chini. Kamati ya maji ichukue sampuli mara baada ya mvua kubwa za kwanza za masika, na majibu yabandikwe pale kisimani wachotaji wayaone.