Chumba cha Wageni kwa Anayetumia Kiti cha Magurudumu

Umetoka Oltepesi, ukafuata Barabara ya Magadi hadi Nairobi, kisha ukapanda treni kwenda Mombasa. Kumbe chumba ulicholipia kiko ghorofa ya tatu na lifti imeharibika. Utabebwa mgongoni?

Piga simu kabla ya kulipa. Ukiuliza tu kama chumba kinafaa mlemavu, wengi watakujibu ndiyo. Uliza vipimo. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi, hasa wa bafu, maana huo ndio huwa mwembamba. Ndani, kiti huhitaji kama mita moja na nusu ili kigeuke.

Bafu ndilo la kuogopa zaidi. Kizingiti na sakafu yenye maji huangusha watu. Uliza kama kuna vyuma vya kushikilia karibu na choo. Kile cha kutundikia taulo hakitabeba uzito wako. Waambie wakutumie picha kwa simu.

Chagua chumba cha chini, hata kama hakina mandhari ya bahari. Moto ukizuka, lifti haitumiki.

Ukifika, kagua bafu kabla ya kushusha mizigo.